Waliopimwa Miguu

Kamwene, wapendwa. Kaeni. Ninyi mliosimama mlangoni ingieni ndani, ukungu wote unapita katikati yenu unakuja kutukalia sisi wazee huku mbele. Mama Nyagawa, wasogezee nafasi hapo. Ahsante.

Leo baada ya ibada mnachagua wazee wa usharika, na mchungaji wenu ameniomba mimi mstaafu niseme neno kuhusu uongozi. Ameniomba kwa upole sana, kisha akaongeza, "Baba, liwe neno la kutia moyo." Nikamwambia nitajaribu. Nimejaribu wiki nzima, nimeshindwa. Kwa hiyo nitawapa nilicho nacho, ni mfano, na mkirudi nyumbani mmekata tamaa, mchungaji yule pale ameketi, mlalamikieni yeye.

Mnajua nilivunjika nyonga. Nililala kitandani mpaka nikawajua mijusi wote wa darini. Binti yangu akanihurumia, akaniletea televisheni chumbani. Mpira wa miguu siuwezi, una kelele. Nikawa naangalia mbio za baiskeli za huko duniani, siku baada ya siku, watu wanapanda milima na kushuka. Mwanzo nilidhani ni upuuzi. Baadaye nikaanza kulia. Mke wangu akadhani ni nyonga.

Sasa sikilizeni. Palikuwa na mwendesha baiskeli mmoja. Msiniulize wa nchi gani, nimemtunga mimi. Nchi yake ilikuwa ya milima na baridi kama huku kwetu, na watu wake walilima viazi.

Ninyi mnaobeba viazi kwa baiskeli mnaujua upepo. Ukitangulia unaumia, ukimfuata mwenzako kwa karibu unapumzika kidogo, si ndiyo? Basi wenzetu wamegeuza jambo hilo kuwa kazi ya mshahara. Timu nzima inavaa jezi moja, inatoka jasho moja, lakini anayekusudiwa kushinda ni mtu mmoja tu, nahodha. Wengine wote wako pale kwa ajili yake. Mmoja anamkatia upepo, mwingine anarudi nyuma kwenye gari kumletea maji, mwingine anamburuta mlimani mpaka pumzi inamwishia, kisha anaachwa hapo barabarani afike mwenyewe polepole. Na hakuna anayelalamika. Ndivyo kazi ilivyo.

Sasa siku ya kuchagua kikosi, kocha na nahodha huketi pamoja, kama mtakavyoketi ninyi leo. Fulani ana nguvu za mlima, achukuliwe. Fulani ana kifua cha upepo, achukuliwe. Na huyu mtu wangu alichukuliwa kwa sababu gani? Alichukuliwa kwa sababu ya miguu yake. Simaanishi nguvu za miguu. Ninamaanisha urefu wake.

Baiskeli za watu hawa hutengenezwa kwa kipimo cha mwili, kama suti ya harusi. Siti ikipanda kidogo tu, goti linauma. Ikishuka kidogo, nguvu zinapotea. Sasa nahodha akipata pancha mlimani, gari la timu liko nyuma sana, barabara ni nyembamba, waendesha baiskeli wameijaza. Hawezi kusubiri. Anahitaji baiskeli ya mwenzake hapo hapo, yenye kipimo chake. Kwa hiyo kila timu hutafuta mtu mmoja mwenye miguu sawa na ya nahodha. Nahodha wa mfano wangu alikuwa na futi ya fundi cherehani. Wageni walipofika kambini aliwapanga ukutani, akawaambia vueni viatu, akapiga goti na kuwapima mmoja mmoja.

Alipofika kwa mtu wetu akatabasamu. "Huyu hapa," akamwambia kocha.

"Umepata kazi," kocha akasema.

"Kazi gani, mwalimu?"

"Kukaa karibu na nahodha, popote alipo. Akipata pancha unashuka, unampa baiskeli yako."

"Na mimi?"

"Wewe unasubiri gari."

Akakubali. Wewe ungekataa? Kijana wa mkulima wa viazi, amepewa jezi, amepewa baiskeli nyepesi ya kuinuliwa kwa kidole. Akakubali, na alikuwa mwaminifu. Baiskeli aliitoa kwenye jua na kwenye matope. Mara nyingi alisimama kando ya barabara za watu na tairi lisilo na upepo mkononi, watoto wa nchi za watu wakimcheka.

Nyumbani alikuwa ameacha baba. Yule mzee alikuwa amebeba viazi kwa baiskeli maisha yake yote, baiskeli ya chuma yenye keria, mpaka kifua kikaharibika. Alitaka mwanawe aishike ile kazi. Siku kijana alipoaga, mzee aliitazama ile baiskeli nyepesi akaizunguka, akauliza, "Keria iko wapi?"

"Haina, baba."

"Baiskeli isiyo na keria inabeba nini? Upepo?"

Wakagombana. Yakasemwa maneno ambayo baba na mwana hawapaswi kuambiana. Kijana akaondoka bila kubarikiwa, na hawakuongea tena. Alichoondoka nacho nyumbani ni kipande cha mpira, ule mpira wa kufungia mzigo ambao mzee huukata mwenyewe kutoka kwenye tyubu kuukuu. Mnaujua. Hapa kila nyumba ina mipira hiyo nyuma ya mlango. Kijana aliufunga mpira wake chini ya siti ya baiskeli, na popote alipokwenda ulikuwa pale. Mafundi wa timu walimcheka wakamwacha.

Miaka ikapita. Kisha siku moja ikatangazwa kwamba mbio kubwa zitapita nchini kwao, na kwenye mlima wa kwao, na kijiji chao kiko pale mlima unapoishia.

Wapendwa, watu hawa wana desturi moja nzuri, na hii ndiyo iliyonifanya nilie kitandani. Mbio zikipita nyumbani kwa mmoja wao, wenzake humwachia atangulie. Hata wapinzani hupunguza mwendo. Anakwenda mbele peke yake, anafika kwao, anashuka, anamkumbatia mama, anambusu mtoto, watu wanapiga vigelegele, halafu anapanda na kuungana na wenzake. Hakuna anayemshambulia wakati ule. Ni mwiko.

Dada yake akampigia simu. "Nimemwambia baba. Kwanza hakujibu kitu. Jana ameniita, amesema atakuja barabarani. Atakaa kwenye kiti chake. Anasema ukishuka ukamsalimia mbele ya watu, yamekwisha."

"Amesema yamekwisha?"

"Kwa mdomo wake. Ila anauliza atakujuaje. Anasema nyote mnafanana kama kunguru."

Kijana akacheka huku anafuta macho. "Mwambie aangalie chini ya siti. Ataona mpira wake."

Mmesikia? Mzee mwenye kifua kibovu amekubali kusamehe. Ameomba jambo moja tu, ashukiwe na kusalimiwa. Nani kati yetu hajawahi kutamani jambo dogo kama hilo?

Asubuhi ya siku ile kijana akamwendea nahodha, akamkuta anakunywa chai. "Kaka nahodha, leo tunapita kwetu. Baba yangu atakuwa pale juu mlima unapoishia. Naomba nitangulie nimsalimie."

Nahodha hakuwa mtu mbaya. Nataka mlielewe hilo mapema. Alikuwa mtu mwenye kazi. Akameza funda la chai, akamjibu, "Tutaona barabarani."

Mbio zikaanza. Mlimani ikaanza mvua, ile mvua yetu nyembamba inayokuja na ukungu. Wote wakavaa makoti ya mvua, meusi, ya aina moja. Namba za mgongoni zikafunikwa. Kofia ngumu kichwani, miwani machoni, matope usoni. Wakapanda. Walipokaribia juu, kijana akamsogelea nahodha, akamwangalia. Nahodha akampa ishara ya kichwa: nenda.

Akaenda! Wapinzani wakampisha. Mmoja akampigapiga mgongoni. Akawa anasikia ngoma za kwao juu kwenye ukungu, anasikia watu wanaimba, moyo unamdunda kwa furaha na kwa woga pia, kwa maana alikuwa hajapanga atamwambia nini baba yake.

Ndipo nyuma yake akasikia anaitwa. Akageuka. Nahodha amesimama, mkono juu. Pancha.

Ngojeni hapo kidogo. Mzee Mwalongo, wewe ungefanyaje? Mvua inanyesha, ungeweza kusema sikusikia. Mimi ningesema sikusikia. Huyu alisikia. Aligeuka akaushuka mlima, akaruka kutoka kwenye baiskeli, akaishikilia wima, nahodha akapanda. Kisha, kama kazi yake ilivyomtaka, akaweka kiganja mgongoni mwa nahodha akamsukuma ili apate mwendo. Alimsukuma kwa mkono wake mwenyewe kuelekea kwa baba yake.

Akabaki amesimama kwenye mvua na baiskeli yenye tairi bovu. Kukimbia hawezi, viatu vyao vina chuma chini, ukivaa unatembea kama bata. Akasubiri gari.

Sasa twende juu kijijini. Mzee amefika asubuhi, amevaa koti lake la ibada. Binti yake amembebea kiti. Watu wote wanajua habari, kijiji kidogo hakina siri, wamekuja kuona mtu na mwanawe wakipatana. Kundi la mbele likatokea kwenye ukungu. Mzee hatazami nyuso, anatazama siti. Inapita ya kwanza, inapita ya pili, inapita nyingine. Binti akapiga kelele, "Baba, ule pale! Mpira wako ule!"

Mzee akainuka. Akavua kofia. Akanyanyua mkono.

Na yule mtu akapita. Hakugeuza shingo. Urefu ule ule, koti lile lile, mpira wa mzee mwenyewe ukining'inia chini ya siti, akapita karibu kabisa akamrushia maji ya barabarani kwenye suruali, akapotelea kwenye ukungu upande wa pili.

Nahodha alikosa nini? Hakumjua yule mzee. Aliona mzee mmoja amevua kofia kwenye mvua, na barabarani wazee ni wengi.

Ngoma zikakoma. Halafu kukatokea mmoja, hakosi mmoja wa namna hiyo hata humu ndani, akasema kwa sauti ya kusikika, "Mzee, mwanao amekuwa mkubwa siku hizi."  Mzee akaivaa kofia. Akachukua kiti chake, akajitwika mwenyewe. Binti alipotaka kumpokea akamkataza kwa mkono, akaondoka nacho, anasimama kukohoa, anaendelea.

Kule chini gari likafika. Wakabadilisha tairi, kijana akapanda ile baiskeli ya nahodha, akapanda mlima kama mwendawazimu. Alipofika, ngoma zilikuwa zimekoma. Watu wachache walikuwa wanatawanyika, wakimwona wanageuza nyuso. Dada yake alikuwa amekaa kwenye tuta anachuma majani.

"Baba yuko wapi?"

"Amekuona."

"Amemwona nani?"

"Amekuona ulivyopita."

"Dada, si mimi! Mimi nilikuwa kule chini nasubiri tairi! Yule alikuwa nahodha!"

Dada akamtazama, akaitazama baiskeli aliyopanda, chini ya siti hakuna kitu. "Ule mpira ameukata yeye," akasema. "Hawezi kuusahau."

Nyumba yao ilionekana pale pale kupitia ukungu. Moshi ulikuwa unatoka jikoni. Ni mwendo wa kupita shamba moja tu la viazi. Akaanza kushuka kwenye baiskeli. Nyuma yake gari la timu likapiga honi, kocha akatoa kichwa dirishani. "Unafanya nini hapo? Ukichelewa kufika utaondolewa mashindanoni! Kesho nahodha atakuwa na baiskeli ya nani?"

Mnajua alifanya nini? Alipanda akaenda.

Naona mnatikisa vichwa. Msitikise. Wangapi humu tumeona moshi wa nyumbani tukaitikia honi? Alijiambia atapiga simu jioni, ataeleza, ni jambo la kueleweka. Jioni akapiga. Mzee akakataa kushika simu. Kesho akapiga, akakataa. Nahodha naye hakushinda mbio zile, wala hakukaribia, aliingia katikati ya kundi ambako hakuna anayeandikwa. Baada ya chakula alipita karibu na kijana, akamgusa bega. "Ahsante kwa baiskeli," akamwambia. "Ila siti yako iko chini kidogo. Ipandishe."

Kijana akaenda kwa mafundi kuichukua baiskeli yake. Chini ya siti hapakuwa na mpira. Walikuwa wameukata wakati wa kuosha, walidhani umekwisha kazi yake.

Mzee akafa msimu wa baridi uliofuata. Kijana alifika mazikoni. Akajieleza kwa kila mtu, kwa shangazi, kwa majirani, kwa wachimba kaburi. Wakamsikiliza kwa heshima. Hakuna aliyemwamini, kwa maana wote waliona kwa macho yao. Watu walipoondoka akabaki kaburini peke yake, akapiga magoti kwenye udongo mbichi akasema, "Baba, ikitokea siku moja nikawa nahodha, sitamsimamisha mtu barabarani. Nakuapia." Na alilia, wapendwa. Yale machozi yalikuwa ya kweli kabisa. Hilo ndilo linalonitisha.

Kwa maana alikuja kuwa nahodha. Nguvu zilikuwapo siku zote, hazikuwa zimepewa nafasi. Yule wa kwanza akazeeka, kocha akatazama huku na huku, akampa huyu.

Mnatabasamu. Mnasema sasa mfano umefika pazuri. Na kweli mwanzo ulikuwa mzuri. Alirudi mwenyewe nyuma kuchota maji. Aliwajua wake wa wenzake kwa majina. Kocha akamuuliza, "Mwaka huu nani awe karibu yako? Tupime watu?"

Akasema, "Simtaki mtu wa namna hiyo kwenye timu yangu."

"Na ukipata pancha?"

"Nitasubiri gari kama binadamu wengine."

Akapata pancha. Ilikuwa kwenye mbio ambazo alikuwa anazishinda, ameshawaacha wote, kila mtu aliona. Akasubiri gari. Gari lilikuwa limekwama nyuma. Wapinzani wakampita mmoja mmoja, wengine wakimtazama kwa huruma, yeye amesimama na tairi mkononi kama zamani, akakosa kila kitu. Jioni hakuna aliyemsifu. Wenye timu walikasirika. Wenzake wale wale aliokuwa akiwachotea maji walinung'unika, wakasema tumejiumiza bure kwa mtu anayejifanya mtakatifu. Akaenda kulala na njaa.

Na kambi iliyofuata, wageni walipofika, akamwambia kocha, "Ile futi iko wapi?"

Kocha akaitoa kwenye droo. Ilikuwa ile ile.

Akawapanga ukutani. Akasema, vueni viatu. Akapiga goti, akapima wa kwanza, akapima wa pili, akafika kwa mmoja, mgeni kutoka mlima mwingine, mtu mzima kidogo, mpole. Futi ikalingana, kuanzia nyonga hadi kisigino. Nahodha bado amepiga goti, ameishika futi kwenye kifundo cha mguu wa yule mtu, akasikia sauti juu yake inasema:

"Kaka nahodha, samahani. Nimesikia mwaka huu mbio zinapita kwetu. Kuna shangazi yangu aliyenilea, siku hizi macho yanamwishia. Nilikuwa naomba, siku hiyo, nitangulie nimsalimie."



Nataka niwaambie alikumbuka. Msidhani alisahau. Aliona kofia ya baba yake, aliona kile kiti kichwani, alisikia kikohozi, yote kama dada yake alivyomsimulia. Yote aliyaona pale pale sakafuni, akiwa amepiga goti kama alivyopiga kaburini. Kisha akainuka polepole, akaizungusha futi kwenye vidole vyake, akaitia mfukoni, akamwambia yule mtu kwa upole kabisa:

"Tutaona barabarani."

Mfano wangu umeishia hapo. Hakuna sehemu ambayo nimeificha.

Mlitaka niseme alimkumbatia. Mchungaji wenu pia alitaka, namwona anavyonitazama. Nami nimelala kitandani na nyonga yangu nikiutafuta huo mwisho, nikamtafutia huyu mtu mlango wa kutokea, kila ninapomfikisha ukutani anaitoa futi. Sijui nimfanyeje.

Sisi tuna imani moja ambayo haimo kwenye Ukiri wetu, lakini tunaishika kuliko vyote vilivyomo. Tunaamini kwamba mtu aliyeumizwa hataumiza. Leo mtapiga kura kwa imani hiyo. Mtasema, mchagueni huyu, amefiwa, anajua machungu. Mchagueni yule, alilala njaa, hatamla maskini. Ndugu zangu, kuonja sumu hakujamzuia mtu kuipika. Mama uliyesagishwa na mama mkwe wako ukalia chini ya mgomba, mkwe wako leo anaamka wakati gani? Fundi uliyepigwa nyundo ya vidole ulipokuwa unajifunza, huyo anayejifunza kwako sasa hivi vidole vyake vikoje? Na sisi watumishi tusijitoe. Tulipokuwa wainjilisti wa kutembea kwa miguu tuliapa. Tulipopewa usharika tukatuma wainjilisti kwa miguu.

Wala si kwa sababu sisi ni wabaya. Laiti tungekuwa wabaya, tungejua la kutubu. Tuna kazi. Tuna mbio za kushinda, tuna jengo la kumalizia, tuna watoto wa kusomesha, na tairi linaishiwa upepo mahali pabaya, na pembeni yetu kuna mtu mmoja mwaminifu ambaye tulimpima zamani tukaona anatutosha. Tunanyanyua mkono. Naye anashuka, hatuulizi alikuwa anakwenda kwa nani.

Najua mnachosubiri. Mnasubiri niseme kwamba Yesu ndiye aliyeshuka akatoa baiskeli yake. Alishuka, ndiyo, nimelihubiri hilo miaka yote na ninalishika mpaka mnizike. Lakini tumeligeuza kuwa mahali pa kukaa. Kila tukiambiwa kuna mtu ameshuka, sisi tunajiona tumekaa upande wake, tumesimama naye kwenye mvua, tumeonewa pamoja. Leo siwaruhusu kukaa huko. Leo tuko juu ya baiskeli ya mtu mwingine, tumeinamisha vichwa, na tunafika kijijini kwake.

Nendeni mkachague. Sina wa kuwapendekezea. Lakini kabla hujaandika jina, na wewe unayejua leo litaandikwa lako, mtafute mtu mmoja. Humkosi. Ni yule unayemwita kila unapokwama. Pengine amekaa nawe benchi moja, pengine umemwacha nyumbani anapika. Muulize swali moja: siku ile nilipokuita, nani alikuwa anakungoja?

Asipokujibu haraka, mngoje. Hajazoea kuulizwa.

Na usimwambie tutaona barabarani. Barabarani hatujawahi kuona. Barabarani kuna mvua na ukungu, tuna mwendo mzuri, na kuna mzee amesimama mbele ya kiti chake, amevua kofia, amenyanyua mkono, anadhani sisi ni mwanawe.

Msiseme amina. Tokeni kimya.